Habari za Mji wa Unguja na Kanisa Kuu la Mkunazini

Walimu wawili wa huku Pemba wameniuliza swali moja. Wataka kuwapeleka watoto Unguja wakati wa likizo, wakaone Kanisa Kuu la Mkunazini na mji wa kale. Nao wauliza: tuwaonyeshe nini? Na tena, je, yafaa watoto waambiwe habari za soko la watumwa, au ni heri kunyamaza, maana katika darasa moja huwamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa walionunua? Nimeona vema kuwajibu hapa, ili na wengine wapate kusoma.

Kwanza, habari za mji wenyewe. Huko Uingereza iko miji ya kale ijulikanayo kwa makanisa yake makuu, kama Canterbury, ambako kanisa lilijengwa na kujengwa tena kwa karne nyingi. Mji wa Unguja si hivyo. Wareno walikuwa na kanisa dogo karibu na bahari. Lakini Waarabu wa Omani walipowafukuza, mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome mahali pale pale. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe tuionayo hata leo, na mabaki ya kanisa lile yamo ndani ya kuta zake. Baadaye Sayyid Said akahamishia makao yake Unguja kutoka Omani, na mji ukakua upesi kwa biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watu. Hilo neno la mwisho ndilo linalotuleta Mkunazini.

Pale Mkunazini palikuwa soko ambapo watu waliuzwa wazi mchana. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Mwaka ule ule misheni ya Universities' Mission ikapata kiwanja kile. Sehemu ilinunuliwa, na sehemu ilitolewa bure na tajiri mmoja Mhindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Siku kuu ya Krismasi, 1873, jiwe la msingi likawekwa. Fikirini, ndugu zangu: tangu kufungwa kwa soko hata kuwekwa kwa jiwe haikutimia miezi saba.

Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, naye mwenyewe akawekwa kuwa askofu mwaka 1874. Walimu wote wa Kiswahili wana deni kwake, maana alikusanya hadithi kwa watu wa mji, akaandika kitabu cha sarufi kilichotolewa mwaka 1870, akatafsiri Maandiko, na kuwafundisha vijana kazi ya kupiga chapa. Kanisa alilijenga kwa mawe ya matumbawe na saruji, na dari lake ni la kuviringa kama tao, lisilo na boriti hata moja. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Nalipokwenda mara ya kwanza nalisimama mlangoni kitambo, macho yazoee kivuli. Zipo karibu na mlango nguzo za marumaru zilizosimama kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Watoto hufurahi mno kuziona, nami nawashauri walimu waanzie hapo, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kucheka husikiliza vema zaidi yanayofuata.

Kisha wapelekeni mbele. Sakafuni karibu na altare yapo marumaru meupe ya mviringo, yaliyozungukwa na mekundu. Mapokeo ya mahali pale yasema kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakapigwa, ili wanunuzi waone nani ana nguvu na nani atalia. Ukutani upo msalaba wa mbao za ule mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, kule Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Alikufa huko Mei 1873. Waliouchukua mwili wake hata pwani, safari ya miezi mingi, walikuwa Waafrika, miongoni mwao Susi na Chuma, na Jacob Wainwright aliyesoma maneno ya maziko. Chuma alikuwa mtoto aliyekombolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Mwalimu asikose kuwataja hawa, maana watoto wetu wakisikia jina la Livingstone peke yake watadhani kwamba kazi yote ilifanywa na wageni.

Vivyo hivyo habari za mapadre. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi. Na Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alisoma Kiungani, kisha Canterbury kule Uingereza, akapewa upadre mwaka 1890. Basi aliyekuwa bidhaa alisimama altareni akawabariki watu.

Nje ya kanisa yapo mambo mawili, na hapa yataka uangalifu. La kwanza ni shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998. Minyororo ile ni ya kweli, ya zamani. Nalimwona mzee mmoja wa Kiislamu amesimama pale na mjukuu wake, wote wawili kimya, hata mtoto akauliza, “Babu, hawa wamefanya nini?” Mzee akajibu, “Hawakufanya neno.” Sijasikia somo fupi kuliko hilo wala lililotimia kuliko hilo.

La pili ni vyumba viwili vya chini katika nyumba iliyo jirani, ambavyo wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Lakini wako wataalamu wasemao kwamba nyumba ile ilijengwa na misheni iwe hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Basi haikuwezekana watumwa wa soko kufungiwa humo. Mimi nasema, mwalimu awaambie watoto maneno yote mawili. Msiba wa kweli hauhitaji kuongezwa chumvi. Mtoto akija kugundua kwamba aliambiwa jambo moja lisilo hakika, atatilia shaka na yaliyo hakika. Na yaliyo hakika yatosha kabisa. Tangu mwaka 2016 yapo hapo pia maonyesho ya picha na maandiko juu ya biashara ile, nayo yafaa sana kwa wanafunzi wakubwa.

Sasa nilijibu lile swali gumu. Mama yake babu yangu aliletwa Pemba akiwa mtoto, yapata miaka michache baada ya soko la Mkunazini kufungwa. Jina alilopewa na mama yake hatulijui; tulijualo ni lile alilopewa na bwana wake. Nalipokuwa kijana nalishangaa: ikiwa soko lilifungwa mwaka 1873, yeye alinunuliwaje?

Jibu liko katika karafuu. Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu mingi mno. Pemba ilisalimika. Basi bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakataka mikono ya kuchuma. Soko la wazi lilifungwa mwaka uliofuata, lakini watu walizidi kuletwa kwa siri, usiku, katika majahazi yaliyojificha ndani ya hori zetu zenye mikoko. Manowari za Waingereza ziliwawinda. Desemba 1881 Nahodha Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipoliendea jahazi lililochukua watumwa. Hali ya utumwa ilikomeshwa kwa amri ya Sultani Hamoud tarehe 6 Aprili 1897, naye mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake. Na masuria walitolewa katika amri hiyo hata mwaka 1909.

Basi hii si habari ya Mkunazini tu. Ni habari ya mikarafuu tunayoichuma sisi. Nami kila mwaka wakati wa vuli, nikiona majamvi yamejaa karafuu zikianikwa juani, humkumbuka yule mtoto. Lakini nawajua pia wajukuu wa bwana wake. Twasalimiana, twazikana, twahudhuria arusi. Mmoja wao alikuja kunisaidia kuinua paa la nyumba yangu lilipoanguka kwa upepo. Tulipopumzika nalimwambia habari za bibi yangu, naye akasema kwamba alikwisha kuzisikia kwa baba yake, ila hakujua kama mimi nazijua. Kumbe kila mmoja alikuwa akimfichia mwenzake jambo ambalo wote wawili twalijua. Tangu siku ile urafiki wetu haukupungua, bali umepata nguvu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: waambieni watoto, tena waambieni wote pamoja, wa kwetu na wa jirani. Msiwaambie ili mmoja ajivune na mwingine aone haya. Waliouza walikuwa wa mataifa mengi: Waarabu, Waafrika, Waswahili, mali ya Wahindi na Wazungu iliingia humo pia, nayo karafuu na pembe zilinunuliwa Ulaya na Amerika. Hakuna taifa la kusema, mikono yetu ni safi.

Mkiisha kutoka Mkunazini, zungukeni mji. Soko la Darajani li karibu. Kanisa Kuu la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu, lenye minara miwili, lilijengwa miaka ya 1890. Wasafiri huiona minara yake kutoka baharini. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu walikufa. Waonyesheni watoto jinsi mawe ya matumbawe na chokaa yanavyohitaji kutunzwa, maana mji huu uliandikwa mwaka 2000 katika urithi wa dunia, lakini mvua haisomi maandishi.

Neno la mwisho kwa walimu. Msiende na watoto wadogo mno shimoni. Waacheni kwenye nguzo zilizopinduliwa. Na wale wakubwa, mkirudi Pemba, waandikeni kila mmoja jina la mtu wa kale kuliko wote anayemjua katika ukoo wake, na mahali alikotoka. Wengi watarudi nyumbani kuuliza. Wazee wajibuni wangali hai.

Nakoma hapa. Wasalaam.