Usipige Makofi

Mtu ukimwambia umepanda matatu ya Malindi kutoka Mombasa, ukashuka Mida na kutembea juani kwenda kutazama ndege, atakuuliza swali moja tu: wanaliwa? Nami nimechoka kujibu. Hawaliwi, bwana. Wanatazamwa.

Ni ndege wa topeni, miguu mirefu na midomo ya kila aina. Sululu, kwa mfano, mdomo wake umepinda kuelekea chini kama sululu ya wachimba barabara, na kazi ni ile ile. Vitwitwi ni wadogo, wanakimbiakimbia ukingoni mwa maji kama watoto wa chuoni waliofunguliwa. Lakini niliyemfuata mimi ni yule mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huyu hana mwenzake. Hutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo alilochimba mchangani, huko kwenye pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Somalia, Oman na Ghuba. Joto la mchanga humsaidia kulalia. Akishamaliza kulea anakuja kwetu. Tena hapana, hamalizi! Anakuja na mwanawe, na mtoto huyo, keshakuwa mkubwa kama mama, keshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, bado anamwandama mzazi akililia kaa. Niliwatazama kwa darubini ya kuazima nikacheka peke yangu. Sisi wenye vyeti kabatini na bado tunakula ugali wa baba tunamwelewa sana kijana huyu.

Kupiga picha Mida ni kufuata maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali, huwa vinukta tu. Yakianza kujaa huwasukuma kidogo kidogo kuelekea mikokoni, na wewe unawangoja kwenye kibanda mwishoni mwa daraja la kuning'inia. Daraja lenyewe linatikisika. Ukipishana na mtu mnene utazisoma dua zote. Ada yake inaingia katika mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na A Rocha Kenya, wa kusaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vya Mida na vya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo wapo vijana waliosomeshwa na sululu.

Nilikwenda mwezi wa Machi na rafiki yangu, mpiga picha wa harusi. Alitaka picha ya kundi likiruka, ya kalenda. Ndege wakasogea, wengi ajabu, lakini wapi, wanakula tu. Akamgeukia mzee aliyekuwa akituongoza.

"Mzee, hebu piga makofi kidogo waruke."

"Mwanangu, hawa wanafunga safari. Usimwinue mtu kwenye sinia."

Mzee hakuwa anatania. Wapo vitwitwi pale wenye uzito wa gramu 60 hivi, ambao ikifika Aprili huondoka kwenda kuzaa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Petroli yao ni mafuta ya mwilini, na mafuta hayo wanayapata kwa minyoo na vijikaa, katika saa chache ambazo tope liko wazi. Kila wakirushwa wanachoma walichokula. Mara moja haiwaui. Lakini hawarushwi mara moja: mashua, mbwa, wachimba chambo, kisha sisi na kamera zetu.

Ingawa mchimba chambo usimlaumu haraka. Mnyoo anaotafuta kitwitwi ndio huo huo unaotiwa kwenye ndoana, na mvuvi ana watoto. Nilimwona mama mmoja ameinama topeni, anachimba polepole, haiinuki kwa ghafla, na ndege wanakula hatua chache kutoka alipo. Yeye mwenye shida ya kweli hakumrusha hata mmoja.

Rafiki yangu akapiga makofi. Mawili tu. Kundi zima likainuka, likageuka kwa pamoja, jeupe, kijivu, jeupe tena, na kamera yake ikalia kama cherehani. Sisemi uongo, picha ile ni nzuri kuliko zangu zote. Yangu mimi ni mtoto wa mla kaa ameachama mbele ya mama, mwanga wenyewe hafifu, kaa haonekani vizuri. Ukiziweka mezani watu watachukua yake, na nisingewalaumu. Kalenda imetundikwa maofisini, na chini ya picha wameandika kwa herufi kubwa: UHURU. Mimi niliyekuwepo nikiitazama naona viumbe wanatukimbia.

Walipotua walitua ng'ambo, penye mikoko, na tope lote lilikuwa limeshafunikwa. Mzee akatazama saa yake ya mkononi.

"Basi," akasema. "Mpaka alasiri hawali tena."