Joto la Bahari Lilipofika Ziwani

Sisi tuliozaliwa ufuoni tumezoea kuyapima maji kwa bamvua na maji mafu. Kule Homa Bay na Migori hakuna bamvua. Ziwa Viktoria limekaa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mto pekee utokao humo ni Nile, kupitia Jinja, Uganda. Hata hivyo, tuliyoyaona huko asili yake ni bahari yetu hii hii.

Tuliteremka Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa siku nyingi, tukashika njia ya Mbita, na mwisho tukafika Muhuru, karibu na mpaka wa Tanzania. Kila ufuo wenyeji walituonyesha majini: pale palikuwa na nyumba, pale mihindi, pale choo cha shimo. Hilo la choo ndilo lililotushughulisha zaidi, kwani ziwa likipanda huchanganya yaliyomo shimoni na maji yale yale wanayoteka akina mama kwa kunywa na kupikia. Mama mmoja muuza omena (dagaa wa huko) alitueleza kwamba maji yalianza kwa kula uwanja wake wa kuanikia, yaani riziki, ndipo yakafika mlangoni.

Katika nusu ya pili ya mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ndio huu wetu, ulipata joto kupita kawaida, na upande wa Indonesia ukapoa. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Pepo zikauleta bara, na vuli ikanyesha kupita kiasi. Takriban asilimia 80 ya maji yaingiayo ziwani ni mvua iliangukiayo ziwa lenyewe. Basi likapanda, na kufikia Mei 2020 likakikaribia kimo kikuu cha mwaka 1964, ambacho wazee wa huko hawajakisahau. Mvua kubwa za 1961, zilizoanzisha gharika ile, nazo zilikuja na joto la bahari namna hiyo hiyo.

Kwetu pwani joto hufanya kazi kwa njia nyingine. Maji yakipata joto hutanuka, mfano wa mafuta yaliyojazwa pomoni chupani na kuachwa juani. Takriban theluthi moja ya kupanda kwa bahari duniani hutokana na kutanuka huko. Sehemu kubwa ya salio ni barafu ya nchi kavu inayoyeyuka.

Ziwa hushuka mvua zikipungua, na yule mama anangoja uwanja wake. Bahari iliyotanuka haishuki mpaka ipoe, na joto lililokwisha kuzama vilindini hukaa humo karne nyingi.