Siku Saba Katika Kisiwa cha Krete

Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka 22 nimetembelea mashamba ya watu. Nikipata likizo, ninakwenda kulima shamba langu mwenyewe. Lakini mwezi Juni 2024 nilipata likizo ya namna nyingine. Nilipumzika siku saba katika kisiwa cha Krete, nchini Ugiriki.

Mdogo wangu anaishi Ujerumani. Huko anaendesha basi. Ndiye aliyenilipia safari. Aliniambia, "Kaka, njoo tupumzike. Tena nina neno la kuzungumza nawe." Neno lenyewe nilikuwa nalijua. Mtu mmoja alitaka kununua shamba la marehemu baba yetu. Shamba hilo ni ekari tatu, kando ya Ziwa Victoria. Mdogo wangu alitaka tuuze. Mimi nilikuwa sijaamua.

Kisiwa chenyewe

Wasomaji wa Biblia wanalijua jina la Krete. Mtume Paulo alipita huko kwa jahazi alipokuwa akipelekwa Rumi. Krete ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ugiriki. Urefu wake ni kama kilometa 260. Watu wake ni zaidi ya laki sita. Katikati kuna milima mirefu. Mlima mrefu kuliko yote una meta 2,456. Wakati wa baridi vilele vyake hufunikwa na theluji.

Miezi ya Juni, Julai na Agosti mvua ni adimu sana. Ndiyo maana wageni kutoka nchi za baridi huja wakati huo. Wanafuata jua, ambalo sisi tunalikimbilia kivulini. Tena jua la huko halina haraka. Mwezi Juni linazama yapata saa mbili na nusu usiku!

Hoteli ya kulipia yote

Tulikaa katika hoteli ya pwani, upande wa kaskazini. Hoteli ya namna hii unailipia yote kabla ya kuondoka nyumbani. Unalipa ndege, chumba, chakula na vinywaji kwa pamoja. Ukifika, unafungwa bangili ya plastiki mkononi. Bangili hiyo ndiyo fedha yako. Unakula asubuhi, mchana na jioni. Unajipakulia mwenyewe, na hakuna anayekuuliza umekula mara ngapi.

Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida yangu. Nilitafuta kazi ya kufanya, sikuona. Nikatoka nje. Niliwakuta wageni wengine wamekwisha kuamka. Walikuwa wakitandika taulo juu ya viti, kando ya bwawa la kuogelea. Kisha walirudi kulala. Mdogo wangu alinieleza kwamba walikuwa wanaweka nafasi. Nilicheka sana. Ni kama akina mama wanavyopanga ndoo kwenye foleni ya bomba.

Siku ya tatu mwili wangu ulikubali kupumzika. Maumivu ya mgongo yalipungua. Nililala mchana chini ya mwamvuli, nikisikiliza mawimbi. Bahari ile ni ya chumvi kama yetu, lakini maji yake hayapwi wala kujaa sana. Mchangani niliona mahali palipozungushiwa uzio mdogo. Ni mayai ya kasa yaliyofukiwa. Watu na kasa wanagawana ufuko mmoja.

Jambo moja halikunipendeza. Sahani nyingi zilirudi jikoni zikiwa na nusu ya chakula. Mtu asiyelipia sahani yake hupakua kwa macho, si kwa tumbo.

Mzee wa mizeituni

Siku ya nne tulitoka hotelini. Tulipanda njia ya kijijini kwa miguu. Pande zote mbili kulikuwa na mizeituni. Kwenye mashina niliona mipira myeusi yenye matundu madogo. Maji hudondoka tone kwa tone penye mizizi. Hakuna maji yanayopotea njiani. Nilipiga magoti kuitazama. Mdogo wangu akasema, "Kaka, hata likizoni!"

Kijijini kulikuwa na mkahawa mdogo. Meza zilikuwa nane, na wateja tulikuwa sisi wawili. Mwenye mkahawa alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Alijua Kijerumani. Zamani Wagiriki wengi walikwenda Ujerumani kufanya kazi, baada ya nchi hizo mbili kutia sahihi mkataba mwaka 1960. Yeye alikwenda mwaka 1970, akafanya kazi kiwandani. Basi mdogo wangu alinitafsiria.

Tulimwuliza kwa nini wateja ni wachache. Mzee alionyesha kidole bangili zetu. Mtu aliyekwisha lipia chakula chake chote hatafuti chakula kijijini.

Kisha alitueleza habari ya ardhi. Zamani shamba zuri lilikuwa la juu, penye udongo mzito. Hilo walipewa watoto wa kiume. Ardhi ya pwani ilikuwa mchanga na chumvi tu. Hiyo mara nyingi walipewa mabinti, kwa kuwa ilionekana haina faida. Dada yake alipewa mchanga, naye mzee alimwonea huruma. Baadaye watalii walikuja. Mchanga ukawa na bei kuliko shamba.

Tulidhani dada yake alitajirika. Mzee alitikisa kichwa. Watu wa hoteli walipofika, kaka zake ndio waliozungumza bei. Yeye aliitwa siku ya kutia sahihi tu. Fedha ilikwisha kwa miaka sita. Sasa mjukuu wake ni mhudumu katika hoteli iliyojengwa pale pale. Anafanya kazi kuanzia Aprili hadi Oktoba. Baada ya hapo hoteli inafungwa, naye anapanda juu kuvuna zeituni za ukoo. Mzee alisema miti hiyo ilipandwa na babu yake, na bado inawalisha.

Mimi na mdogo wangu tulishuka kimya. Tulipofika karibu na hoteli alisimama. Akaniuliza, "Kaka, shamba la baba analima nani sasa?" Nikamjibu, "Dada yetu." Akauliza tena, "Tumemwuliza?" Sikuwa na jibu. Mimi ninayefundisha watu kutunza ardhi, sikuwa nimemwuliza dada yangu hata mara moja.

Tuliporudi

Siku zilizobaki tulipumzika kweli kweli. Tuliogelea, tukacheka, tukakumbuka utoto wetu. Hatukuzungumza bei tena. Nasema wazi kwamba kupumzika si uvivu. Mwili ni kama shamba. Ukilima kila msimu bila kulipumzisha, linachoka.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kwa dada. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza huku akichambua mchicha. Kisha akasema, "Mmekwenda hadi Ulaya ndipo mkapata njia ya kuja kuniuliza?"

Tulifanya kikao cha ukoo, na mama alikuwepo. Dada alikataa kuuza. Alisema mnunuzi akitaka mboga za hoteli yake, atamlimia na kumwuzia. Mdogo wangu alisikiliza kwa simu, akakubali. Nami nimeahidi kumsaidia dada kuweka mipira ya matone kwa robo ekari ya nyanya.

Ndugu wasomaji, sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hoteli zinaweza kuleta kazi na soko. Lakini kabla ya kuuza, waulizeni wote wenye haki. Aulizwe kwanza yule anayeshika jembe. Mkiletewa karatasi, msikubali kusomewa tu. Sasa mnajua kusoma. Isomeni wenyewe, neno kwa neno, ndipo mtie sahihi au mkatae.