Cucu, Foleni Tatu na Video Niliyoifuta

Wasee, hii stori nimekaa nayo wiki mbili nikijiuliza kama niiseme. Acha niiseme.

Mwezi wa saba, baridi ile ya Nyeri mnaijua, nilimsindikiza cucu wangu kutafuta kitambulisho kipya. Cha zamani kilipotea. Bila kitambulisho, ile shilingi 2,000 ya Inua Jamii ambayo wazee wa miaka 70 kwenda juu hupewa kwa mwezi, anaweza kuikosa. Kwako wewe hiyo ni bando na raba za mtumba. Kwa cucu ni unga na dawa ya presha.

Ofisi siitaji. Siku ya kwanza tuliambiwa tulete barua ya chifu. Tukaenda, tukaileta. Siku ya pili karani yule yule, macho kwa simu, akasema inatakiwa pia karatasi ya polisi. Si ungetuambia jana, buda? "Njooni kesho." Cucu alikuwa amepanda matatu mbili na magoti yanamuuma. Nilitoa simu nikamrekodi kimyakimya.

Siku ya tatu tulimpata dada mwingine kwa ile meza. "Cucu, keti hapa kwanza." Akapitia karatasi zote mara moja. Ilipofika alama za vidole, akamshika kidole kimoja kimoja, polepole, kwa sababu vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini havitoi alama haraka. Alijua hiyo. Dakika ishirini tukamaliza. Meza ni ile ile, mashine ni zile zile, sheria haikubadilika usiku.

Hapo ndipo nilianza kufikiria. Mwaka 2004 Rais Kibaki, mtu wetu wa Othaya, alileta kandarasi za utendakazi, mashirika ya serikali yakaanza kuwekewa malengo na kupimwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inasema huduma kwa umma iwe ya haraka na ya haki. Mwaka 2013 zikaja Huduma Centre, na wengi wanaokuhudumia pale wametoka kwa idara zile zile tulizokuwa tukilia nazo. Kumbe mtu akifunzwa na akiangaliwa, anaweza kubadilika.

Lakini kandarasi huhesabu vitambulisho vilivyotoka. Nani anamhesabu cucu aliyerudishwa nyumbani mara mbili?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, orodha ya karatasi zote zinazohitajika ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na Kikuyu. Pili, mafunzo yawafikie makarani wa mezani, si wakubwa peke yao. Chuo cha Serikali kina tawi hapo Embu, si mbali. Wafunzwe kompyuta, sawa, lakini pia wafunzwe kuongea na mzee asiyesikia vizuri. Tatu, kila mwananchi anayerudishwa apewe karatasi yenye sababu na jina la aliyemrudisha. Ukijua jina lako litaandikwa, utainua macho.

Na sisi je? Tukiongea ukweli, wengi wetu tunatafuta kazi ya serikali kwa sababu haina presha na ina pensheni. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Tukiingia na roho hiyo, tutakuwa yule karani wa siku ya pili. Halafu foleni ikiwa ndefu, ni sisi wa kwanza kutoa "ya chai" ili turuke wengine.

Ile video niliifuta. Ingepata watazamaji, najua. Lakini ingeonyesha uso wa mtu mmoja tu, na shida ni kubwa kuliko yeye. Badala yake niliandika barua mbili kwa mkuu wa ofisi ile: moja ya malalamiko, nyingine ya kumsifu yule dada. Ya pili ilinichukua muda zaidi, sijawahi kuandika barua kama hiyo maishani.

Cucu bado anangoja kitambulisho. Kikitoka nitawaambia.