Kelele Nazo Zina Wenyewe

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nami naongeza: ukisikia vyavuma, kuna aliyevivumisha, na ana sababu yake. Mpenzi msomaji, nataka nikusimulie juu ya albamu moja ambayo wengi wenu mkiisikia mtaziba masikio kabla wimbo wa kwanza haujafika nusu. Albamu yenyewe inaitwa Duma, na walioitengeneza ni vijana wawili wa Nairobi ambao bendi yao iliitwa jina hilo hilo, Duma.

Kwanza tulitazame hilo jina, maana sisi ni watu wa Chama cha Kiswahili. Katika Kiswahili, duma ni yule mnyama wa mbugani ambaye hakuna amshindaye kwa mbio. Wenye bendi lakini walilitoa katika Kikuyu, ambako lina maana ya giza. Nyumbani kwetu Nyalenda mama alipolisikia mara ya kwanza akaniuliza kama ni wimbo wa mahindi, kwa sababu sisi Wajaluo mahindi tunayaita oduma. Basi neno ni moja, na ndani yake mna mbio, mna giza, na mna chakula cha jioni!

Mwenye sauti ni Martin Khanja, ambaye jukwaani huitwa Lord Spike Heart. Mwenye gitaa na mashine ni Sam Karugu. Kabla ya hapo walitokea katika bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Muziki wa metali si mgeni Nairobi. Kumekuwa na bendi kama Last Year's Tragedy, Seismic na ParkingLotGrass, ingawa ukingoja uwasikie redioni utangoja mpaka macho yaote vutu. Mwaka wa 2019 wawili hao walivuka mpaka wakaenda Kampala kurekodi, na mwaka wa 2020 albamu ikatolewa na kampuni ya huko iitwayo Nyege Nyege Tapes. (Tafadhalini, wanachama, msicheke. Kwa Kiganda jina hilo lahusu hamu ya kucheza ngoma inayomshika mtu ghafla. Lugha ni majirani, lakini kila jirani ana mlango wake.) Baadaye, mwaka wa 2024, Khanja alitoa albamu yake peke yake, The Adept.

Je, inasikikaje? Ina nyimbo tisa. Hakuna mpiga ngoma. Ngoma zote zimepangwa kwa mashine, na zinakwenda kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi. Ule wimbo uitwao Lionsblood ukianza, utadhani mvua ya mawe inapiga mabati na ng'ombe wote wa kijiji wanakimbia kwa pamoja. Juu ya hayo yote anakuja Khanja. Haimbi, anapiga mayowe. Maneno yake mengi huyashiki kamwe. Waimbaji wa namna hii hujifunza kusukuma pumzi kutoka tumboni na kutetemesha mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti, ndiposa wanaweza kunguruma saa nzima na kesho yake wakaongea kama kawaida. Si kazi ya mlevi. Ni ufundi wa kujifunza, kama vile kusuka wavu.

Aliyenionyesha albamu hii ni kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa mvuvi wa omena hapa Dunga. Alianza kwa kusikiliza bendi za mbali, hata za Urusi kama Slaughter to Prevail, mpaka rafiki yake mmoja akamwambia, "Omera, mbona unaenda mbali hivyo? Hata Wakenya wako." Akapata Duma, na hakuiacha tena. Jina lilimpendeza mno. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. "Giza ndiyo ofisi yangu," alizoea kusema. Usiku alipokwenda ziwani aliiacha simu nyumbani isilowe maji, nami niliachiwa kazi ya kuitia chaji.

Nikiwa kidato cha kwanza, usiku mmoja dhoruba ilizuka ziwani na mashua yao ikapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Tulimzika nyumbani Seme. Zamani, mwanamume akifa kwetu, wanaume walifanya tero buru. Walichukua mikuki na ngao, wakaswaga ng'ombe mpaka mpakani mwa kijiji huku wakipiga kelele, ili kifo chenyewe kitishike kiondoke. Na kabla ya hapo wanawake walikuwa wamekwisha piga nduru, lile yowe linaloruka kutoka boma hadi boma, kila alisikiaye akaacha jembe lake akaja. Lakini mazishi ya kaka yalikuwa ya kanisa, na kanisa letu halitaki mambo hayo. Tuliimba nyimbo tatu kwa sauti ya chini, tukasoma wasifu, tukarusha udongo. Wajomba waliniambia, "Jikaze, sasa wewe ndiye mwanamume wa boma." Nikajikaza. Sikutoa chozi. Niliporudi Kisumu bado nilikuwa nimejikaza, na hata darasani kuna siku mwalimu aliniita jina mara tatu kabla sijasikia.

Simu ya kaka ilibaki kwangu. Usiku nilikuwa navaa vile vya masikioni, nafungua wimbo wa kwanza, Angels and Abysses, na yule jamaa anaanza kupiga mayowe niliyokuwa nimekatazwa. Sijui anasema nini. Nilihisi tu kwamba kuna mtu anafanya ile kazi iliyobaki.

Mama hakufurahi. Kuna mtu wa kanisani alimwambia kwamba muziki wa namna hiyo ni wa mashetani, na pengine ndio uliomwita kaka majini. Mama akataka niufute. Simlaumu. Mtu aliyepoteza mtoto hutafuta popote pa kuelekeza kidole. Lakini kuufuta niliona ni kama kumzika kaka mara ya pili. Tukawa tunavutana hivyo, yeye na mimi, na nyumba yenyewe ni ya chumba kimoja na pazia.

Likizo ya Desemba tukaenda Seme kwa dani, nyanya yangu. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya jiko napukuchua mahindi, simu ikicheza kwa sauti, maana nilijua mama yuko sokoni. Dani akatoka mbiombio, leso ikimwanguka, akauliza kwa Kijaluo, "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna, dani, ni wimbo tu. Akasimama akasikiliza. Kisha akakaa chini kando yangu, akachukua gunzi, akasema, "Huyu anajua kulia. Kaka yako hakuliliwa hivi." Jioni ile tulimzungumza kaka mpaka taa ikaisha mafuta, na mama alipofika akatukuta, naye akakaa. Muziki wenyewe mama haupendi hata leo. Ila hajasema tena niufute.

Wapo watakaosema kelele hizi ni za Wazungu na hazituhusu. Sikubaliani nao. Mpiga nyatiti hukaa juu ya kigoda, vidole vikicheza nyuzi nane, kidole cha mguu chenye pete ya chuma kikigonga mti wa chombo, na mdomo ukiimba. Mtu mmoja, kazi tatu. Vijana wa Duma ni wawili na mashine, na wamefanya kelele ya kijiji kizima. Mimi naona ni ukoo mmoja.

Hata hivyo kuna tofauti, nami sitaificha. Nduru huita watu. Ukiipiga, jirani anakuja, kesho yake anakuja tena na unga. Yowe la masikioni haliiti mtu, unaweza kukaa nalo mwaka mzima na wa kitanda cha pili asijue. Mimi lilinifaa siku lilipotoka nje dani akalisikia. Kwa hivyo wewe uliyefiwa, usisikilize peke yako siku zote. Fungua sauti, mtu aje.

Nanyi walimu na wazazi wetu, mkimkuta kijana na muziki kama huu, msikimbilie kuuliza ni shetani gani. Ulizeni kwanza kama dani alivyouliza.

Lugha yetu yenyewe ina yowe, ukemi, usiahi, kamsa, kite na kilio. Waliotuachia maneno yote hayo hawakuwa watu wa kunyamaza.