Kovu la Kamba Katika Milima ya Shimba

Anayetoka Mombasa kwenda Milima ya Shimba huvuka kivuko cha Likoni, hushika barabara ya Lungalunga hadi Kombani, kisha hukata kulia na kuanza kupanda. Akishaupita mji wa Kwale, joto la pwani hubaki nyuma, na siku isiyo na ukungu bahari huonekana chini upande wa mashariki kama kitambaa kilichoanikwa. Safari yenyewe ni fupi. Aliyeondoka baada ya alfajiri hunywa chai ya asubuhi hifadhini. Ndiyo maana sisi, jamaa wa nyumba tano za mtaa mmoja, tumefanya desturi kwenda huko kila likizo ya Agosti, tukiwa na mahema, mahamri na mbaazi za siku ya kwanza, na pembea za kulalia zilizoshonwa nyumbani kwa turubai.

Wazee wetu huziita pembea hizo machela, jina la kile kitambaa ambacho zamani msafiri au mgonjwa alibebwa ndani yake mabegani mwa wachukuzi. Wachukuzi walipochoka walisema. Pembea zetu hubebwa na miti.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968, nayo ndiyo makao ya palahala, swala yule mwenye pembe zilizopinda nyuma kama majambia, ambaye hapatikani kwingine porini nchini Kenya. Kila mwaka watoto huenda kwa ajili yake na kwa ajili ya maporomoko ya Sheldrick. Watu wazima, tukiri, huenda kulala mchana.

Mwaka huu askari wa hifadhi alitupokea kwa uchangamfu, akasalimu wazee, akauliza hali za watoto waliokuwa na homa mwaka jana. Kisha akamwomba babu mmoja amfuate kidogo, nasi tukafuata nyuma. Alitupeleka kwenye mti mwembamba kando ya uwanja wa kambi. Kifuani mwa mti ule palikuwa na pete nyeusi. Gome lilikuwa limepasuka, juu ya pete shina limevimba, na matawi ya upande mmoja yamekauka. Ndani ya jeraha ilionekana kamba ya nailoni ya buluu, nusu yake imekwisha kumezwa.

“Mzee, kamba hii mwaijua?”

Hakuna aliyejibu upesi. Tuliijua. Mwaka jana, wakati wa kufungasha, tuliziacha kamba mbili mtini tukisema zitatufaa tutakaporudi. Na fundo lile lilikuwa la mmoja wetu, anayefunga mashua yake kwa fundo lilo hilo kila jioni.

Tumejiuliza tangu siku ile jinsi watu wazima, wenye miti nyumbani, walivyoweza kufanya jambo kama hilo bila kulifikiria. Jibu, kwa maoni yetu, limo katika miti tuliyokulia chini yake. Sisi ni watu wa mnazi na mbuyu. Mnazi hukatwa vidato na mgema tangu chini hadi kileleni, nao ukaendelea kuzaa, kwa kuwa hauna gome la namna ya miti mingine; mishipa yake imetawanyika ndani ya shina zima. Mbuyu hubanduliwa gome kwa ajili ya kamba, ukaliotesha tena. Mtoto aliyelelewa baina ya miti hiyo miwili hukua akidhani kwamba mti ni nguzo. Lakini miti mingi ya msituni si hivyo. Chini tu ya gome lake mna tabaka nyembamba iliyo hai, ambayo ndiyo inayounenepesha mti, na papo hapo hupita chakula kinachotengenezwa na majani kikishuka mizizini. Kamba nyembamba ikibeba uzito wa mtu hukata hadi huko. Ikiachwa imefungwa, mti hujinyonga wenyewe kwa kunenepa. Pete ikikamilika kulizunguka shina, mizizi hufa njaa hata kama majani yangali mabichi kwa muda.

Askari hakugombeza. Alitukabidhi kisu kidogo, akatuonyesha namna ya kuitoa kamba bila kulichubua gome zaidi, na kazi hiyo ikatuchukua karibu saa nzima. Baadaye alitutafutia mikanda ya kufungia mizigo garini, yenye upana wa vidole vitatu, akatuambia tuweke vipande vya gunia baina ya mkanda na gome. Tukaacha miti yote ambayo viganja viwili vya mtu mzima vingeweza kuizunguka, tukaacha pia mti mmoja mnene na mzuri uliokuwa umekauka, maana mti mkavu huanguka bila kuaga. Mikanda tuliifunga juu ya kichwa, pembea ikaning'inia kwa ulegevu, kiasi kwamba aliyelala hakuwa juu kuliko kiti cha kawaida. Kamba iliyokazwa sana huuvuta mti kwa nguvu nyingi zaidi kuliko uzito wa mtu mwenyewe, na anayeanguka kutoka kimo cha kiti huinuka akacheka.

Miti iliyofaa ilikuwa minne tu, kwa hiyo katika pembea tano tulitundika mbili. Watoto walinung'unika. Lakini adhuhuri lilifika basi la wanafunzi kutoka bara, vijana zaidi ya thelathini wenye jua la safari usoni, wakaenda moja kwa moja kwenye meza ya mbao iliyo chini ya kivuli, wakaketi. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba mwaka jana meza hiyo tuliizingira kwa pembea tano pande zote, na kwamba familia moja ilikula chakula chake juani, ikitutazama. Kiingilio kilitupa haki ya kuingia, hakikutupa kivuli kizima.

Kuna na jambo la sitara, ambalo kinamama wetu walilisema waziwazi. Aliyelala hadharani amefanya mahali pa wote kuwa chumba chake, na mpita njia hujikuta amechungulia chumbani bila kukusudia. Mwaka jana pembea ya mabinti ilikuwa kando kabisa ya njia ya msalani, ikazungushiwa leso tatu, na wageni wakalazimika kupita vichakani. Mara hii tuliipeleka nyuma ya mahema yetu, leso moja ikatosha. Redio nazo zilinyamazishwa, na kaswida pia, maana msitu una sauti zake na jirani hakuja kusikiliza simu yetu. Chupa za plastiki hatukuwa nazo; tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, nasi twabeba maji ya kunywa na ya kutawadhia katika mitungi.

Jua lilipokaribia kuchwa askari alirudi akatutaka tushushe pembea zote. Mmoja wetu aliuliza kama angeweza kubakishiwa moja, apate upepo wa usiku. Akajibiwa kwamba ndovu wana njia zao, na kitambaa kilichotandazwa baina ya miti miwili, mtu akiwa ndani, hakimo katika njia hizo wanazozikumbuka. Tulishusha. Usiku tulisikia matawi yakivunjika, mbali, kisha si mbali. Ndani ya mahema hakuna aliyekohoa.

Alfajiri, tulipotoka kutafuta maji ya udhu, tulikuta kinyesi kibichi cha ndovu, kikifuka mvuke, baina ya miti ile miwili tuliyoitumia mchana. Mama mmoja alisimama hapo kwa muda mrefu. Ni baina ya miti hiyo hiyo ambapo mwanawe wa miaka 9 alilala mwaka jana hadi usiku wa manane, baba yake akamhamishia hemani kwa sababu ya umande tu.

Kabla ya kuondoka tulirudi kwenye mti ulioumia. Watoto walipima jeraha kwa viganja na kuona kwamba upande wa nyuma pete haikukutana. Lilibaki gome zima, upana wa vidole vinne. Tulimwuliza askari kama mti utaishi. Alisema tuziulize mvua za vuli.

Mwenye fundo alikuwa wa mwisho kupanda gari. Vipande vya kamba ya buluu alivikunja, akavitia mfukoni, na hadi Likoni hakusema neno.