Copenhagen: Majumba manne na kaburi la kioo

USIONE vyaelea, vimeundwa. Methali hii humjia mtu akilini anaposimama katika uwanja wa Amalienborg mjini Copenhagen, saa sita adhuhuri, akiwatazama askari wa kifalme wakipokezana zamu. Wamevaa kofia ndefu za manyoya ya dubu, na wametoka ngome ya Rosenborg kwa miguu tangu saa tano na nusu. Watalii husukumana wapate picha. Gwaride likiisha, waendesha baiskeli huendelea na safari zao uwanjani kana kwamba hapo hapakai mfalme.

Mpenzi msomaji, sisi tunaofuatilia habari za wafalme wa Ulaya huulizwa mara kwa mara: mwatafuta nini katika jamaa za watu? Wengi hudhani ni magauni, mataji na harusi. Hayo yapo, na sikatai kwamba nayapenda. Lakini mwenye kuwafuatilia kwa miaka mingi hatimaye huanza kutazama mengine: nani kakalia kiti kipi, nani kanyimwa cheo alichokitaka, na nani atazikwa kando ya nani. Kwa hayo, Copenhagen ni shule.

Amalienborg si jumba moja bali manne, nayo yameuzunguka uwanja wenye pembe nane. Yalijengwa katika karne ya 18 kwa ajili ya jamaa za mabwanyenye. Mwaka wa 1794 jumba la Christiansborg lilipoungua, jamaa ya mfalme ilihamia hapa, na hadi leo ingali hapa. Katikati ya uwanja amesimama Mfalme Frederik wa Tano juu ya farasi wa shaba. Tangu mwaka wa 1513 wafalme wa Denmark walikuwa wakipokezana majina mawili tu, Christian na Frederik. Sisi ambao huwapa watoto majina ya babu zao hatuoni ajabu.

Aliyeukata mfululizo huo ni mwanamke. Margrethe alizaliwa tarehe 16 Aprili 1940, juma moja tu baada ya majeshi ya Ujerumani kuivamia nchi. Wakati huo sheria haikumruhusu mwanamke kurithi ufalme, na aliyetarajiwa kukalia kiti baada ya babake ni ami yake. Mwaka wa 1953 wananchi walipiga kura, sheria ikabadilishwa, na msichana wa miaka 13 akawa mrithi. Babake, Frederik wa Tisa, alifariki tarehe 14 Januari 1972, na Margrethe akawa malkia.

Alitawala miaka 52. Kisha katika hotuba yake ya televisheni ya kuukaribisha mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2023, akawaambia wananchi kwamba angeng'atuka. Mapema mwaka huo alikuwa amepasuliwa mgongo. Tarehe 14 Januari 2024, huko Christiansborg, alitia sahihi, akainuka, akamwachia mwanawe kiti, akatoka chumbani. Mfalme wa Denmark hakuwa ameondoka kwa hiari yake tangu mwaka wa 1146.

Tarehe hiyo ya 14 Januari inatugusa hata sisi. Siku kama hiyo, mwaka wa 1914, Mdenmark Karen Dinesen alifunga ndoa mjini Mombasa na Bror Blixen wa Sweden. Ndiye Karen Blixen aliyekuja kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Miongoni mwa mashahidi wa arusi ile alikuwa Mwanamfalme Wilhelm wa Sweden. Na Wilhelm huyo ni nani? Ni ndugu wa babu mzaa mama wa Malkia Margrethe!

Lakini anayetaka kuujua undani wa jamaa hii asiishie uwanjani. Apande gari moshi, na baada ya takriban nusu saa atashuka Roskilde. Huko kuna kanisa kuu la matofali mekundu ambamo wamezikwa wafalme na malkia wapatao 40. Ndimo pia lilimowekwa kaburi la kioo, kazi ya mchongaji Bjørn Nørgaard, lililobebwa na nguzo zenye vichwa vya tembo vya fedha. Lilibuniwa liwe la watu wawili: Malkia Margrethe na mumewe, Henrik.

Henrik alikuwa Mfaransa. Walioana mwaka wa 1967, na ili amwoe aliacha nchi yake na hata akabadilisha dini. Kwa miaka mingi alilalamika hadharani kwamba mke wa mfalme huitwa malkia, lakini mume wa malkia haitwi mfalme. Mwaka wa 2017 ikatangazwa kwamba hatazikwa Roskilde. Kama hakuwa sawa na mkewe katika uhai, hakuona sababu ya kulala naye kaburini. Malkia alikubali. Henrik alifariki tarehe 13 Februari 2018. Nusu ya majivu yake ilimwagwa katika bahari za Denmark, na nusu ikazikwa katika bustani ya jumba la Fredensborg.

Kuna wasemao Henrik alikuwa na kiburi. Wengine husema alidai haki ambayo wake za wafalme hupewa bila kuomba. Mimi nafikiri kwamba sheria iliyobadilishwa mwaka wa 1953 ilimpa binti kiti, lakini haikusema mumewe atakaa wapi. Ndoa yao ililipa gharama hiyo kwa miaka hamsini.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya wafalme wa Denmark ni Roskilde, na huko ndiko Margrethe atakakolala, peke yake, katika kaburi lililobuniwa kwa ajili ya wawili.